Barua ya Wazi kwa Waandaaji wa Mikutano ya Akili Unde: Tunaomba Swali la Pili

Kwa waheshimiwa waandaaji, wenyeviti na wasimamizi wa mikutano ya kimataifa inayojadili mustakabali wa akili unde,

KUH: NAMNA MNAVYOWAALIKA NA KUWASIKILIZA WATU WENYE USHAWISHI

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa heshima, na ninawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeipita mara tatu bila kufika. Mimi ni mkalimani wa mikutano. Kazi yangu ni kuketi ndani ya kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, vipokea sauti vikiwa masikioni, na kuyahamisha maneno ya mzungumzaji kutoka lugha moja kwenda nyingine kabla hajamaliza sentensi yake. Katika miaka ya karibuni sehemu kubwa ya maneno hayo imehusu akili unde, au akili mnemba kama wengine wanavyopenda kuiita. Kwa kuwa mkalimani hawezi kutafsiri asichokielewa, hulazimika kusikiliza kwa makini kuliko waalikwa wenyewe, na mara nyingi ukumbi unapopiga makofi yeye hubaki akijiuliza sentensi iliyopigiwa makofi imesema nini hasa.

Barua yangu ya kwanza, kwa sekretarieti ya mkutano mmoja, ilijibiwa kwa shukrani. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu iliniletea sentensi moja, kwamba maoni yangu yamepokelewa na yatazingatiwa, na mkutano uliofuata ukaendeshwa vilevile hadi mpangilio wa viti. Sitautaja mkutano huo, wala sitatoa hapa neno lolote nililolisikia nyuma ya milango iliyofungwa, kwa kuwa miiko ya kazi yangu hainiruhusu. Yote nitakayoyataja yako hadharani.

Niseme mapema kwamba sipingi kualikwa kwa wakubwa. Wanasayansi walioijenga fani hii, wakuu wa kampuni zinazoiuza, wafadhili wake na mawaziri wanaopaswa kuisimamia wanaamua mambo yatakayomfikia kila mtu, na ni heri wayaseme mbele ya watu kuliko wayafanye kimyakimya. Lawama yangu ni kwamba mnawaalika, mnawapandisha jukwaani, mnawauliza swali lililoandaliwa, wanajibu, kisha mnawaacha waende. Swali la pili, lile linalozaliwa na jibu lenyewe, haliulizwi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Midahalo yenu haina mdahalo. Msimamizi husoma swali kwenye kadi, mgeni hujibu kwa kirefu, msimamizi humshukuru kwa maneno mazito na kuhamia kwa mgeni wa pili. Wakati wa maswali kutoka ukumbini unapofika, tunaambiwa kwamba kwa bahati mbaya muda umetutupa mkono. Sentensi hiyo nimeitafsiri mara nyingi kiasi kwamba naweza kuitafsiri nikiwa usingizini.

Labda mtaniuliza hasara yake ni ipi. Nitaieleza kwa mfano wa kazi yangu. Mzungumzaji anaposema kwa Kiingereza kwamba ajira nyingi hazitakuwepo tena kwa sababu ya akili unde, mimi nina nusu sekunde ya kuchagua kitenzi. Naweza kusema ajira “zitapotea”, kana kwamba ni funguo zilizodondoka njiani, au naweza kusema “zitaondolewa”, na hapo msikilizaji yeyote wa Kiswahili atauliza papo hapo: zitaondolewa na nani? Kwa uaminifu wa kazi huchagua “zitapotea”, kwa sababu mzungumzaji hakumtaja mtendaji. Ndivyo ilivyo pia kwa mifumo “itakayokuwa” na uwezo fulani, jamii “itakayolazimika” kuzoea, na data “zilizopatikana”. Siku nzima natafsiri matendo yasiyo na watendaji. Mtu mmoja tu ukumbini ndiye mwenye mamlaka ya kuuliza “na nani?”, naye ni msimamizi mliyemweka ninyi, ambaye kadi yake tayari imemtuma kwa mgeni mwingine.

2. Utabiri unatolewa kwenu, lakini hamuuwekei kumbukumbu wala hamrudi kuukagua. Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo palipo na uzito.

Fani hii ilizaliwa na utabiri. Mwaka 1955 John McCarthy, Marvin Minsky, Nathaniel Rochester na Claude Shannon waliandika ombi la fedha za warsha iliyofanyika majira ya joto ya mwaka uliofuata katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, wakieleza kwamba kundi la wanasayansi waliochaguliwa kwa uangalifu, wakifanya kazi pamoja kwa msimu mmoja, lingeweza kupiga hatua kubwa katika kuiwezesha mashine kutumia lugha, kuunda dhana na kujiboresha yenyewe. Mwaka 1958 Herbert Simon na Allen Newell, watafiti wa fani hiihii, waliandika kwamba ndani ya miaka kumi kompyuta ingekuwa bingwa wa dunia wa sataranji. Ilichukua hadi Mei 1997 ndipo Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilipomshinda Garry Kasparov. Mwaka 1965 Simon akaongeza kwamba ndani ya miaka ishirini mashine zingeweza kufanya kazi yoyote aiwezayo mwanadamu. Miaka hiyo ishirini iliisha 1985. Siyasemi haya kwa kejeli, kwa sababu watu hao walikuwa mahiri kweli, na baadhi ya waliyoyatarajia yametimia baada ya wao kuondoka duniani. Ninachokitaka kionekane ni kwamba katika fani hii umahiri wa mtu haujawahi kuwa dhamana ya tarehe anazozitaja.

Na tarehe zina gharama. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa wanasayansi walioijenga fani hii, alisema kwamba ingefaa kuacha mara moja kufundisha wataalamu wapya wa radiolojia, kwa kuwa ni dhahiri kwamba ndani ya miaka mitano, labda kumi, mashine zingewapita katika kusoma picha za wagonjwa. Mfikirieni mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akichagua fani mwaka huo, akiyasikia maneno hayo kutoka kwa mtu wa hadhi ile. Miaka mitano ilipita na mingine ikafuata. Mashine zimepiga hatua kubwa katika kusoma picha, na wataalamu wa radiolojia bado wanatafutwa katika nchi nyingi. Hinton, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2024 pamoja na John Hopfield, baadaye alikiri kwamba alizungumza kwa ujumla mno. Huo ni uungwana, na ndio ninaouomba kwa wageni wenu wote. Tofauti ni kwamba kwa sasa unategemea hiari ya mtu na udadisi wa mwandishi wa habari, wakati ungeweza kuwa utaratibu wa mkutano.

Ahadi nazo zina tabia hiyohiyo. Machi 2023 ilitolewa barua ya wazi iliyotaka maabara zote zisimamishe kwa miezi sita mafunzo ya mifumo yenye nguvu kuliko GPT-4, mfumo wa kampuni ya OpenAI. Maelfu ya watu waliitia saini, akiwemo Elon Musk, ambaye Julai mwaka huohuo alitangaza kampuni yake mwenyewe ya akili unde. Huenda ana maelezo mazuri ya jambo hilo, na mahali pa kuyatoa ni jukwaani, akiulizwa. Mei 2024, katika mkutano wa kimataifa wa akili unde huko Seoul, Korea Kusini, kampuni 16 ziliahidi kuchapisha taratibu zao za kupima na kudhibiti hatari kabla ya mkutano uliofuata nchini Ufaransa. Kwa maoni yangu, mkutano wa Paris ulipofunguliwa Februari 10, 2025, kitu cha kwanza kilichostahili kusomwa kwa sauti ni orodha ya waliotimiza na wasiotimiza. Tulichobaki nacho midomoni baada ya Paris ni habari kwamba Marekani na Uingereza zimekataa kutia saini tamko la pamoja, yaani tulijadili karatasi mpya huku ile ya zamani ikisahauliwa.

Mniruhusu niongeze jambo dogo ambalo pengine ni mkalimani tu anayelihangaikia. Mwaka 2023 huko Bletchley Park, Uingereza, mkutano wa kwanza wa mfululizo huu uliitwa wa usalama. Mwaka 2025 huko Paris uliitwa wa hatua. Mwaka 2026 huko New Delhi ukaitwa wa athari. Mimi hulazimika kubadili jina hilo katika faharasa yangu kila mara, na bado nasubiri mtu asimame mbele aeleze neno usalama lilitolewa kwa nini.

3. Hamtangazi maslahi ya wageni wenu. Wasifu unaosomwa kabla ya mgeni kupanda jukwaani hutaja tuzo zake, vitabu vyake na vyuo alivyosoma, lakini hautaji hisa zake, wawekezaji wake wala zabuni anazozifukuzia. Majarida ya tiba yana desturi ya miaka mingi ya kumtaka mwandishi aeleze nani anamlipa kabla hajatuambia dawa ipi inafaa, na hakuna daktari anayeona kwamba ametukanwa. Hapa tunasikia mtu akiusifu uwekezaji katika vituo vya data bila kujua kwamba anaviuza, au akiomba sheria kali bila kujua kwamba ni kampuni yake tu yenye fedha za kuzitimiza. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nanyi mnasifu kwanza na hamuonji kabisa.

Chukueni tamko la Mei 30, 2023, la sentensi moja, lililosema kwamba kupunguza hatari ya akili unde kuangamiza binadamu kunapaswa kuwa kipaumbele cha dunia sambamba na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Miongoni mwa waliotia saini walikuwa Sam Altman, Demis Hassabis na Dario Amodei, wakuu wa OpenAI, Google DeepMind na Anthropic. Sina sababu ya kudhani kwamba hawakuamini walichokisaini. Lakini mtu anayejenga kitu, akasema hadharani kwamba kitu hicho chaweza kuimaliza dunia, kisha kesho yake akaendelea kukijenga, anastahili kuulizwa bila haraka: ni dalili gani hasa ukiiona utasimama, na ni nani mbali na wewe mwenye uwezo wa kukusimamisha? Swali hilo si la uadui. Ni la kwanza ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeliuliza kama jirani yake angemwambia maneno hayo.

4. Mnafunga milango. Septemba 13, 2023, Seneti ya Marekani iliwaita Musk, Altman, Mark Zuckerberg, Bill Gates na wengine kwenye kikao kuhusu akili unde. Waandishi wa habari walizuiwa kuingia, na maseneta waliochaguliwa na wananchi waliketi kusikiliza huku maswali yao yakitakiwa kuwasilishwa kwa maandishi. Baadhi ya maseneta wenyewe walilalamika, akiwemo Elizabeth Warren. Sina la kuongeza isipokuwa kwamba mtindo huo umewapendeza wengi wenu.

5. Wanaoguswa hawapo. Bodi ya ushauri ya Umoja wa Mataifa kuhusu akili unde, yenye wajumbe 39, ilitoa ripoti yake ya mwisho Septemba 2024. Ilichunguza mipango saba mikubwa ya usimamizi wa akili unde iliyoanzishwa nje ya Umoja wa Mataifa, ikakuta kwamba nchi saba tu zilishiriki katika yote, na kwamba nchi 118 hazikushiriki hata mmoja. Asiyekuwepo na lake halipo, na hapa wasiokuwepo ni zaidi ya nusu ya nchi za dunia.

Hata wanaofika hawafiki sawasawa. Mtu aliyetumia miaka akiweka lebo kwenye picha na maandishi ili mifumo ijifunze, au akichuja maudhui ya kutisha ili yasiwafikie watumiaji, anajua mambo kuhusu mifumo hiyo ambayo mkuu wa kampuni hayajui. Mkimwalika, mnamweka mwisho wa meza, mnampa dakika tatu za kusimulia mateso yake, na mnampongeza kwa ujasiri. Hamumwombi aeleze fikra zake kuhusu mustakabali, kana kwamba fikra kubwa ni mali ya wenye makampuni na wengine wamejaliwa hisia tu. Mwalimu, muuguzi na mfasiri nao wameziona zana hizi zikifanya kazi na zikikosea kila siku. Nisiposema hapa kwamba mimi mwenyewe ni miongoni mwa watakaopoteza kazi mikononi mwa mashine za kutafsiri, nitakuwa nimekiuka hoja yangu ya tatu. Maslahi yangu ndiyo hayo, mpime barua hii mkiyajua.

Najua majibu mtakayoyatoa, kwa kuwa mengine nimeshayasikia yakinong'onwa kwenye korido.

Mtasema kwamba wakubwa hawa wakibanwa hawatakuja tena. Inawezekana wachache wasije. Lakini watu hawa hufika mbele ya kamati za mabunge na kuulizwa maswali makali; Altman alifanya hivyo mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani Mei 16, 2023, na hakuna aliyeona kwamba hadhi yake imepungua. Mgeni ambaye sharti lake ni kutoulizwa amekuja kutangaza biashara, na matangazo yana bei yake, mtozeni.

Mtasema kwamba mambo haya ni ya kitaalamu mno kwa watu wa kawaida kuuliza. Ugumu wa somo haukulizuia Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa mwaka 1988, kuweka utaratibu ambao rasimu za ripoti zake husomwa na wataalamu wa nje na serikali, kila maoni hujibiwa kwa maandishi, na maoni pamoja na majibu huchapishwa. Ripoti yake ya Agosti 2021 kuhusu misingi ya kifizikia ya tabianchi ilipitia maoni 78,007. Siwaombi ninyi mjibu maoni 78,007. Ninawaomba mjibu kumi. Tena, maswali mengi yanayohitajika hayana utaalamu wowote ndani yake: nani analipa, nani ataamua, lini, na tukiona umekosea tukupate wapi.

Mtasema pia kwamba milango iliyofungwa huwapa watu uhuru wa kusema kweli. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa kuwa nimekaa ndani ya vyumba hivyo na najua kwamba wakati mwingine ndivyo ilivyo. Basi fungeni milango kwa sehemu inayohitaji kufungwa, mtangaze mapema ni sehemu gani na kwa nini, kisha mtoe muhtasari wa yaliyokubaliwa. Faragha ya saa moja yenye sababu ninaielewa. Mkutano mzima wa faragha unaoishia kwa picha ya pamoja sielewi unamfaidia nani.

Kuhusu muda sitajibu kwa kirefu. Punguzeni wazungumzaji.

Kwa hiyo ninaomba mambo yafuatayo, nayo yanaweza kuanza katika mkutano wenu ujao bila sheria mpya na karibu bila gharama. Kila mgeni mkuu apewe muda wa kuhojiwa usiopungua muda wa hotuba yake, na anayemhoji awe mtu asiyelipwa na mgeni huyo wala na mfadhili wa mkutano, mwenye ruhusa ya wazi ya kurudia swali ambalo halijajibiwa. Kila utabiri wenye tarehe na kila ahadi viandikwe katika daftari la wazi, vikiwa na jina la aliyevitoa, na mkutano unaofuata ufunguliwe kwa kulisoma daftari hilo kabla ya hotuba yoyote. Aliyekosea aalikwe kwanza kueleza kwa nini, bila kuzomewa, maana tunahitaji kujifunza namna watu mahiri wanavyokosea. Maslahi ya kifedha ya kila mzungumzaji yasomwe pamoja na wasifu wake. Robo ya viti vya jukwaani, navyo viwe vya kujadili na kuuliza, ipewe watu wanaofanya kazi na mifumo hii au wanaofanyiwa maamuzi nayo, na sehemu yao ichaguliwe kwa kura ya bahati nasibu ili tusije tukawa na walalamikaji walewale wa kila mwaka, mimi nikiwemo. Na maswali ya ukumbini yaliyokosa muda yakusanywe, yapelekwe kwa waliolengwa, na majibu yao, au kimya chao, vichapishwe ndani ya siku 60.

Kati ya hayo yote, kama mnaweza kutimiza moja tu, chagueni daftari la utabiri. Ni la bei ndogo kuliko yote, na nadhani ndilo mtakalolikataa kwa nguvu zaidi.

Ninaomba jibu la maandishi kabla hamjatangaza orodha ya wazungumzaji wa mkutano wenu ujao. Nitakalolipokea nitalichapisha lote bila kukata neno, likiwemo la kukataa, pamoja na sababu mtakazozitoa. Nikipewa nafasi ya kukutana nanyi nitakuja, kwa sharti kwamba kila upande uwe huru kuuliza swali la pili.

Wenu kwa heshima,

Mkalimani wa mikutano